Selimundu katika Mkoa wa Simiyu

Selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita, ni ugonjwa wa kurithi. Seli nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali, upungufu wa damu, hata kiharusi kwa watoto. Anayerithi jeni moja tu haumwi, na hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea sana Kanda ya Ziwa, ukiwemo Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi.

Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na wenzao wa Cincinnati, Marekani, walipotaka kujua ukubwa wa tatizo hawakuhitaji kuwachoma watoto upya. Kliniki hutoboa kisigino cha mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, hudondoshea damu kwenye kadi, huianika ikauke na kuipeleka maabara. Damu iliyobaki kwenye kadi hizo ndiyo iliyopimwa selimundu. Kati ya sampuli 17,200 za kaskazini-magharibi mwa Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha asilimia 20.3 ya watoto wana jeni moja na asilimia 1.2 ni wagonjwa.

Faida kubwa ni kwamba takwimu hizo ziligawanywa hadi ngazi ya wilaya. Wastani wa taifa haumsaidii mganga mkuu wa wilaya ya Itilima au Meatu, mkoani Simiyu, kujua aagize dawa kiasi gani. Vivyo hivyo, mpango wa taifa wa malaria nao umezipanga halmashauri kwa viwango vya maambukizi, ukitumia pia vipimo vya wajawazito kliniki.

Kazi ngumu huja baada ya takwimu za selimundu kupatikana. Kichanga mwenye selimundu huonekana mzima miezi ya mwanzo, kwa kuwa bado ana hemoglobini ya tumboni, hivyo asipopimwa mapema hakuna atakayemshuku. Akigundulika, anahitaji penisilini kila siku hadi miaka 5, chanjo na kinga ya malaria. Mama naye hufundishwa kumpapasa chini ya mbavu za kushoto: bandama ikivimba ghafla, ni kukimbilia hospitali.

Dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu, lakini anayeitumia lazima apimwe wingi wa seli za damu mara kwa mara. Kipimo hicho kikikosekana karibu, familia ya Bariadi hulazimika kupanda basi kupitia Lamadi na Magu hadi Mwanza, na nauli ikiisha, dozi hukatika.