Django 1.0: toleo lililowachelewesha watu wa dedilaini

Desemba 2007, kampuni ya uchapishaji ya Apress ilitoa kitabu cha kufundisha Django, chombo cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Waandishi wake, Adrian Holovaty na Jacob Kaplan-Moss, ndio waliokuwa wakiongoza kazi ya kuitengeneza Django yenyewe, kwa hiyo mnunuzi hakuwa na sababu ya kutilia shaka kilichomo. Shida ni kwamba kitabu kilifundisha toleo la 0.96, lililotoka Machi mwaka huo, na siku kinafika madukani baadhi ya sura zake zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Toleo ambalo kila mtu alilitaka, 1.0, lilikuwa bado. Wanunuzi walisubiri miezi mingine tisa.

Kwa msomaji asiyeandika programu: fremuweki ni mkusanyo wa kazi za kila siku za tovuti ambazo mtu mwingine amekwisha kukuandikia. Kumtambua mtumiaji kwa nywila yake, kuandika na kusoma hifadhidata, kupokea fomu na kukagua kilichojazwa, kupanga kurasa. Unaichukua, unaongeza yale yanayohusu biashara yako, na wiki ya kwanza una kitu cha kumwonyesha mteja. Ila ukishajenga juu yake umefunga nayo ndoa, maana waliokuandikia wakibadilisha jina la kitu kimoja tu, tovuti yako nayo inaanguka.

Django ilizaliwa gazetini. Mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, una gazeti lake dogo, Lawrence Journal-World, na mwaka 2003 kitengo chake cha mtandaoni kilikuwa na vijana wawili wenye haraka: Holovaty, mwandishi wa habari aliyejua kuandika programu, na Simon Willison, mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuja kufanya kazi kwa mwaka mmoja wa mafunzo. Chumba cha habari hakina subira. Mhariri anakuja asubuhi akitaka ukurasa wa matokeo ya uchaguzi au wa ligi ya watoto, na anautaka leo. Wawili hao wakaachana na lugha ya PHP, wakahamia Python, na kila walichokiandika mara mbili wakakiweka kando ili wasikiandike mara ya tatu. Yaliyowekwa kando yakaja kuwa fremuweki. Willison aliporudi kwao, Kaplan-Moss akaingia. Jina wakalichukua kwa Django Reinhardt, mpiga gitaa la jazi aliyeendelea kupiga kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua kwenye moto.

Julai 2005 gazeti likakubali kazi hiyo itolewe bure kama programu huria. Walijinadi kuwa wametengeneza fremuweki ya watu wanaopenda ukamilifu huku dedilaini ikiwabana. Miaka mitatu iliyofuata ilionyesha kuwa mambo hayo mawili hayakai nyumba moja kwa amani.

Mshindani wao wa karibu, Ruby on Rails, alitoa 1.0 yake Desemba 2005, akiwa hadharani kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Django ilitoa 0.90 Novemba 2005, 0.91 Januari 2006, 0.95 Julai 2006 na 0.96 Machi 2007. Hesabu hizo zilimfanya mtu adhani moja inafuata kesho kutwa. Badala yake kukawa kimya cha mwaka mmoja na nusu. Kazi haikusimama, kilichosimama ni matoleo.

Sababu ilikuwa ahadi. Viongozi wa Django walikuwa wamesema kwamba ikifika 1.0, programu iliyoandikwa kwa toleo hilo itaendelea kufanya kazi katika matoleo ya 1.1, 1.2 na kuendelea. Hakutakuwa tena na kubadilishiana majina wala kung'oana misingi. Ukiweka kiapo cha namna hiyo, kila kilichokukera katika msimbo wako lazima ukirekebishe kabla ya kukitamka, kwa sababu baada ya hapo utaishi nacho. Na mpenda ukamilifu hakosi cha kumkera.

Kilichoanza kung'olewa ni uchawi. Katika matoleo ya awali Django ilizalisha moduli zake kwa siri wakati programu inaendelea, ukajikuta unaita kitu ambacho hakipo kwenye faili lolote. Mei 2006 uchawi huo ukaondolewa, na waliokuwa wamejenga juu yake wakaandika upya. Zikafuata fomu. Maktaba ya zamani ya fomu ilikuwa haipendezi, ikaandikwa nyingine iitwayo newforms, na wakubwa wakashauri watu waiingize katika programu zao kwa jina la forms, ili siku ya zamani itakapoondolewa na mpya kurithi jina, kila mtu abadilishe mstari mmoja tu. Ushauri mzuri. Lakini newforms ilipokuja, ukurasa wa utawala wa Django, ule ambao mwandishi wa gazeti anaingia na kuchapa habari bila kumsumbua fundi, ulikuwa bado umejengwa juu ya fomu za zamani. Nao ukabidi uandikwe upya. Kazi hiyo peke yake ilipita mwaka.

Katikati ya yote hayo alikuwako Malcolm Tredinnick wa Sydney, Australia. Julai 2007 aliingiza kazi iliyoifanya Django ishike maandishi ya lugha zote za dunia kwa utaratibu mmoja, ili Kiarabu, Kichina na herufi za Kizungu zenye alama zisigeuke takataka njiani kati ya fomu na hifadhidata. Kisha akajifungia na sehemu ngumu kuliko zote: ile inayogeuza maelezo ya Python kuwa maswali ya SQL, lugha ya hifadhidata. Akaiandika upya takribani yote na kuikabidhi Aprili 2008. Ukitumia Django leo na aina moja ya data ikarithi sifa za nyingine, unatumia kilichoingia na kazi hiyo. Tredinnick alifariki Machi 2013, na taasisi inayosimamia Django ikaanzisha tuzo ya kila mwaka yenye jina lake.

Watumiaji waliishi vipi muda wote huo? Waliishi kwenye shina. Msimbo wa Django ulitunzwa katika mfumo wa Subversion, wenye shina moja kuu na matawi ya majaribio, na yeyote aliweza kulichukua shina kama lilivyo saa hiyo. Wengi hawakungoja toleo. Walichukua shina, wakajenga juu yake, na kabla ya kulisasisha wakapitia orodha ya mabadiliko yanayovunja programu za zamani kuona leo kimevunjwa nini. Ilikuwa kuishi ndani ya nyumba inayobadilishwa nguzo. Tovuti za kweli zenye wateja wa kweli ziliendeshwa hivyo.

Aliyeumia ni mgeni. Kwa kuwa watu wazito walikuwa kwenye shina, maelezo yaliyotangulia mbele ya macho yalikuwa ya shina, ilhali kitufe cha kupakua kilikupa 0.96. Agosti 2007 neno linaloweka kikomo cha herufi, maxlength, lilibadilishwa kuwa max_length. Kistari kimoja cha chini! Mwanafunzi akafuata somo neno kwa neno, akaandika max_length, na Django yake ya 0.96 ikamjibu kwamba hilo neno halijui. Msimbo wake ulikuwa sahihi na somo lilikuwa sahihi. Viwili hivyo havikuwa vya Django moja. Aprili 2008 Google ilipofungua App Engine, huduma ya kuendeshea tovuti za watu kwenye mashine zake, Django iliyoambatanishwa ilikuwa hiyo hiyo 0.96. Ndiyo toleo rasmi lililokuwapo.

Hapa nina neno na wakubwa hao. Kungoja 1.0 mpaka misingi itulie ulikuwa uamuzi sahihi. Kutotoa chochote katikati haukuwa. Ukiliuliza shina lilikuwa toleo gani, lilijitambulisha kama 0.97 ya awali, na 0.97 yenyewe haikutoka kamwe. Hakuna kilichozuia toleo dogo la kupumulia mwishoni mwa 2007, likiwa na maandishi ya lugha zote, na kinga mpya ya kurasa dhidi ya msimbo wa wahuni unaopenyezwa kupitia fomu. Mambo hayo yalikuwa tayari, yakakaa ghalani kwa sababu mengine hayakuwa tayari.

Kilichovunja ukimya hakikuwa msimbo kuiva wenyewe. Katikati ya 2008 waliamua kurudi kwenye desturi ya gazeti. Mwezi Juni taasisi ya Django ikatangazwa, umiliki ukatoka mikononi mwa gazeti la Lawrence, na ratiba ikawekwa wazi: majaribio ya kwanza Julai, toleo lenyewe mwanzoni mwa Septemba. Kila kazi ikapimwa: hii lazima iwemo, hii ikiwahi iwemo, hii haimo. Fomu mpya za ukurasa wa utawala ziliingia shinani Julai, siku chache kabla ya toleo la majaribio kufungwa. Uwezo wa kujumlisha na kupiga wastani ndani ya hifadhidata, uliokuwa ukililiwa na wengi, uliachwa nje ukangoja 1.1 ya Julai 2009. Kutumia hifadhidata zaidi ya moja kukangoja mpaka 1.2, Mei 2010. Ni uamuzi ambao mhariri yeyote wa usiku anaujua: habari ambayo haijafika haichapwi, na gazeti linatoka.

Django 1.0 ilitoka tarehe 3 Septemba 2008. Tangu 0.96, shina lilikuwa limepokea mabadiliko zaidi ya 4,000, hitilafu zaidi ya 2,000 zilikuwa zimerekebishwa, na maelezo ya matumizi yalikuwa yameongezeka kwa mistari 40,000. Tangazo lilikuwa na takwimu nyingine ninayoipenda kuliko hizo. Msimbo uliotolewa hadharani Julai 2005 ulitoka kwenye ghala la ndani la gazeti ukiwa na nambari ya mabadiliko 8825. Django 1.0 ilikuwa nambari 8961 katika ghala la umma. Yaani kazi iliyofanywa wazi mbele ya watu ilikuwa ndiyo kwanza imeipita ile iliyofanywa ndani ya jengo moja la Lawrence.

Siku tatu baadaye ukafunguliwa mkutano wa kwanza wa DjangoCon, katika ofisi za Google huko Mountain View, California. Mmoja wa wasemaji wakuu, Cal Henderson wa tovuti ya picha ya Flickr, alikuja na mada ya kwa nini anaichukia Django. Ukumbi ulicheka sana, na baadhi ya malalamiko yake yakaingia kwenye kazi za matoleo yaliyofuata.

Kiapo kimetunzwa kwa kiasi kinachoridhisha. Vitu bado huondolewa, ila kwa onyo linalotangulia matoleo kadhaa, na tangu katikati ya muongo uliopita matoleo hutoka kwa kalenda, takribani kila miezi minane, iliyo tayari iwemo na isiyo tayari ingoje. Desemba 2017 ilipotoka 2.0 na kuacha kuitumikia Python ya zamani, waliokuwa wakisoma matangazo walikuwa wamejua miaka kabla.

Novemba 2023 DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar, na Agosti 2025 ya pili ikafanyika Arusha. Toleo lililokuwapo wakati wa mkutano wa Arusha lilikuwa 5.2, la Aprili mwaka huo, na tarehe ya kutoka kwa linalofuata ilikuwa imeshatangazwa.