Jarida Lisilo na Mrithi: Makosa Yaliyorudiwa katika Historia ya Magazeti ya Kiswahili

1. Suala lenyewe

Wataalamu walioandika juu ya magazeti ya Kiswahili wamejishughulisha zaidi na kuzaliwa kwake. Mwaka wa toleo la kwanza hutajwa, jina la mwanzilishi huhifadhiwa, na madhumuni yaliyotangazwa katika ukurasa wa kwanza hunukuliwa kwa heshima. Kifo cha gazeti, kinyume chake, hupewa mstari mmoja tu: fedha zilikwisha, au serikali ilichukia. Maelezo hayo mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Yapo magazeti yaliyokuwa maskini tangu siku ya kwanza na yakaishi miaka mingi. Yapo pia yaliyopigwa na serikali na yakaendelea kutoka.

Makala haya yanachunguza magazeti na majarida machache ya Afrika ya Mashariki na ya Kongo ili kujibu swali moja: ni makosa gani ya ndani yanayolifanya jarida life? Hoja inayotetewa ni kwamba jarida huhitaji mambo matatu, yaani watu wa kuliandikia, mwenye kulimiliki, na mtu wa kulirithi. Waanzilishi wengi hukumbuka jambo la kwanza, wachache hukumbuka la pili, na la tatu husahauliwa na karibu wote.

2. Wasomaji waliokuwa waandishi: Msimulizi

Mwaka 1888 wamisionari Waanglikana wa UMCA walianza kutoa gazeti lililoitwa Msimulizi katika chuo chao cha Kiungani, Unguja. Lilikuwa gazeti dogo, la shule, na wasomaji wake hawakuwa wengi. Hata hivyo lilikuwa na nguvu ambayo magazeti makubwa ya baadaye hayakuipata kwa urahisi. Sehemu kubwa ya kurasa zake ilijazwa na barua kutoka vituo vya misheni: Unguja yenyewe, nchi ya Wabondei, bonde la Ruvuma, na pwani ya Ziwa Nyasa. Walioandika barua hizo walikuwa walimu na wanafunzi wa zamani wa Kiungani. Kijana aliyemaliza masomo na kupelekwa kufundisha mbali hakupoteza nafasi yake katika gazeti. Kwa kweli ndipo alipoanza kuwa na la kuandika. Habari za safari, za njaa, za vita, za ujenzi wa shule na hata za michezo zilifika Unguja kwa mkono wake.

Msimulizi lilikoma mwaka 1896. Lakini wakati huo misheni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuanzisha gazeti jingine huko Magila, Habari za Mwezi. Kwa hiyo desturi ya kuandikiana habari kwa Kiswahili haikukatika. Jina moja lilizikwa na kazi ikaendelea chini ya jina jingine. Kufa kwa namna hiyo hakufanani na kufa kwa gazeti linaloacha ukimya nyuma yake.

3. Mfuko mmoja: Kiongozi na Mambo Leo

Mfano wa Kiongozi unaonyesha kwamba wingi wa waandishi peke yake hauliokoi gazeti. Kiongozi lilitolewa Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, katika shule ya serikali ya Wajerumani, na lilichapwa na mtambo wa shule hiyo. Wasomaji wake walikuwa walimu, makarani, maakida na watumishi wengine waliojifunza herufi za Kilatini. Kama ilivyokuwa kwa Msimulizi, watu hao walituma habari za miji yao, na washairi walituma tungo zao. Ni dhahiri kuwa gazeti hili halikukosa mikono ya kuliandikia.

Lakini karatasi, wino, mtambo na mishahara vilikuwa mali ya dola moja. Majeshi ya Uingereza yalipoingia Tanga mwaka 1916, dola hiyo iliondoka na gazeti likaondoka pamoja nayo. Waandishi wake hawakufa wote. Waliendelea kuishi, kusoma na kuandika barua. Kilichokosekana ni mtambo waliokuwa na haki ya kuugusa. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Miaka 7 ilipita kabla ya serikali mpya ya Waingereza kutoa gazeti la Mambo Leo, mwaka 1923, kupitia idara yake ya elimu.

Mambo Leo liliishi miaka 40, hadi 1963. Uhai huo mrefu haukutokana na mfuko wa serikali peke yake, kwa maana Kiongozi pia lilikuwa na mfuko wa serikali. Mambo Leo liliacha mlango wazi kwa barua na mashairi ya wasomaji. Mtu wa Tabora aliweza kumjibu mtu wa Lindi juu ya maana ya neno au juu ya kanuni ya shairi, na gazeti likawa baraza. Shaaban Robert ni miongoni mwa watu ambao wasomaji wa nchi nzima waliwafahamu kwa njia ya kurasa hizo. Hata hivyo, mmiliki alibaki yuleyule mmoja. Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, gazeti lililozaliwa na idara ya kikoloni halikuendelea kwa muda mrefu, ijapokuwa wasomaji waliolizoea walikuwapo.

4. Mkono mmoja: Kwetu

Erica Fiah, Muganda aliyekuwa na duka mjini Dar es Salaam, aliliona kosa la mfuko wa serikali na akalikwepa. Mwaka 1937 alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fiah alikuwa amevutwa na mawazo ya Marcus Garvey, na mwaka 1934 alikuwa amekwisha kuunda chama cha ustawi na biashara cha Waafrika. Gazeti lake lilisema mambo ambayo Mambo Leo halikuweza kuyasema: malalamiko juu ya mishahara, biashara, na dharau waliyoipata Waafrika katika mji wao.

Hapa jambo la pili, yaani umiliki, lilipatikana. La tatu ndilo lililokosekana. Kwetu lilikuwa Fiah, na Fiah alikuwa Kwetu: mwenye mali, mhariri na msemaji walikuwa mtu mmoja. Gazeti liliendelea kwa shida hadi 1951, likakoma. Si haki kumlaumu mtu aliyebeba peke yake mzigo wa watu wengi kwa miaka 14. Lakini mwanahistoria hawezi kuacha kuona kwamba muongo wa 1950, ambao ulikuwa muongo wa siasa na wa TANU, ulianza bila gazeti hilo, wakati ambapo lingepata wasomaji wengi kuliko wakati wowote uliotangulia.

Mfano wa Mwafrika, lililoanza mwaka 1957, unafaa kuwekwa kando ya huo wa Kwetu. Mwaka 1958 wahariri wake wawili, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Gazeti halikufa. Walikuwapo watu wengine wa kukishika kiti, na nyuma yao walikuwapo wasomaji walioliona gazeti kuwa lao. Hivyo basi, gereza la mkoloni lilishindwa kufanya kile ambacho uchovu wa mtu mmoja uliweza kukifanya.

5. Upande wa Kongo: Ngonga na Aequatoria

Katika Katanga, gazeti la Ngonga lilitoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katika miaka ya 1934 na 1935. Mwanzilishi wake alikuwa Auguste Verbeken, Mbelgiji aliyetoka katika utawala wa kikoloni. Gazeti lilikusudiwa kwa Waafrika, na Kiswahili kilipata nafasi pamoja na Kifaransa na lugha nyingine za wenyeji. Lakini kukusudiwa kwa watu si sawa na kuwa mikononi mwao. Ngonga lilipokoma, wasomaji wake hawakuwa na chombo cha kulirithi. Sauti ya Wakongomani waliosoma ilipata jarida lenye nguvu mwaka 1945 tu, wakati La Voix du Congolais lilipoanza Léopoldville chini ya Antoine-Roger Bolamba. Na jarida hilo lilisema Kifaransa. Pengo hilo lina uzito kwa mwanafunzi wa lugha. Anayetaka kujua jinsi wafanyakazi wa migodi na makarani wa Katanga walivyoandika Kiswahili chao kabla ya uhuru hulazimika kuokota vipande hapa na pale, mahali ambapo jarida lililoendelea lingempa mfululizo wa miaka.

Aequatoria halikuwa jarida la Kiswahili, lakini kisa chake ndicho chenye mafunzo makubwa kuliko vyote katika nchi ya Kongo. Lilianzishwa mwaka 1937 na mapadre Edmond Boelaert na Gustaaf Hulstaert huko Coquilhatville, Mbandaka ya leo, kwa ajili ya utafiti wa lugha na mila, hasa za Wamongo. Lilikoma mwaka 1962, katika misukosuko iliyofuata uhuru. Kwa kipimo cha kawaida, lilikuwa limekufa. Lakini huko Bamanya, karibu na Mbandaka, matoleo ya zamani, barua na karatasi za watafiti zilihifadhiwa. Mwaka 1980, baada ya miaka 18, jarida lilirudi kwa jina la Annales Aequatoria, likisimamiwa na Honoré Vinck. Aliyelifufua hakuanza na mikono mitupu, alikuta ghala.

Akiba haiozi. Kijitabu cha historia ya mji wa Elisabethville kilichotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha Katanga mwaka 1965, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, kinathibitisha jambo hilohilo. Kwa kuwa nakala ilihifadhiwa, Johannes Fabian aliweza kukihariri na kukitoa upya mwaka 1990, na leo hakuna anayeandika juu ya Kiswahili cha Kongo bila kukitaja. Andiko dogo lililotunzwa limefanya kazi kuliko magazeti makubwa yaliyotupwa.

6. Jarida lililohama bila kufa

Mfano wa mwisho ni wa jarida linalojulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930, ikatoa taarifa ndogo kwa ajili ya wajumbe na walimu. Kamati ilihama kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, kisha Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa, na kurudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ilitiwa katika Chuo Kikuu. Taarifa ile ndogo iligeuka kuwa jarida la kamati, ikaitwa Swahili mwaka 1959, na Kiswahili mwaka 1970. Lugha ya makala yenyewe ilibadilika, kwa kuwa Kiingereza kilitawala mwanzoni na Kiswahili kikaongezeka baadaye. Wakoloni waliolianzisha waliondoka, na wahariri walipokezana.

Jarida hili halikuwa na fedha nyingi kuliko Mambo Leo, wala moto wa Kwetu. Lilikuwa na kiti cha uhariri ambacho hakikuwa mali ya aliyekikalia. Mhariri mmoja alipoondoka, mwingine aliketi, na hesabu ya matoleo iliendelea pale ilipoachwa.

7. Hitimisho

Kutokana na mifano hii, makosa yanayoua majarida yanaweza kupangwa kwa utaratibu. La kwanza ni kuwanyima wasomaji nafasi ya kuandika, hata wakabaki watazamaji. La pili ni kutegemea mfuko mmoja, uwe wa serikali, wa misheni au wa mfadhili, kwa maana mfuko huo una safari zake. La tatu ni kutegemea mkono mmoja, hata ukiwa mkono hodari. Kidole kimoja hakivunji chawa. La nne ni kutoweka akiba ya matoleo mahali panapojulikana, ili anayekuja baadaye apate pa kuanzia.

Majarida ya vyuo vikuu hayakuepushwa na makosa hayo. Aghalabu idara huanza kwa ahadi ya matoleo manne kwa mwaka, hutoa mawili, na hunyamaza mhariri anaposafiri kwenda masomoni au anapostaafu. Nakala hubaki katika sanduku la nyumbani kwake, na msaidizi aliyesahihisha makosa ya chapa usiku hakuwahi kuonyeshwa orodha ya wachangiaji wala hesabu ya fedha. Historia iliyosimuliwa hapa inadai jambo dogo: tangu toleo la kwanza, mhariri awe na mtu wa pili anayejua kila kitu anachokijua yeye, na nakala mbili za kila toleo zipelekwe katika maktaba mbili tofauti. Vijana wa Kiungani waliendelea kuandika baada ya kuondoka shuleni kwa sababu walifundishwa kwamba gazeti lilikuwa lao. Mwanafunzi wa leo asipofundishwa hivyo, atakayeandika historia ya Kiswahili cha Kongo miaka 50 ijayo atakuta tarehe za kuzaliwa tu.