Vyama vya Ibada vya Piraeus na Athens

Katika Athens ya kale, mgeni aliweza kufanya biashara na kulipa kodi, lakini hakuweza kumiliki kiwanja mpaka mkutano wa wananchi umruhusu. Bila kiwanja, mungu wake angekaa wapi?

Mwaka 333 KK wafanyabiashara wa Kition, kisiwani Saiprasi, walipeleka ombi lao mbele ya mkutano huo: wapewe haki ya kununua ardhi wamjengee Afrodite hekalu. Lykourgos, mwanasiasa mashuhuri wa Athens, ndiye aliyetoa hoja ya kuwakubalia. Wakakubaliwa, na azimio likataja kwamba Wamisri walikwisha kumjengea Isis kwa njia hiyo hiyo.

Wathrakia walikuwa wamewatangulia. Sikukuu ya Bendis, mungu wao wa kike, ilivuta umati bandarini Piraeus kwa mbio za mienge juu ya farasi, na Plato anaanza kitabu chake Jamhuri na Socrates akiwa ameshuka kuitazama. Azimio la chama chao la karne ya 3 KK lingalipo. Linawaagiza wanachama wa bandarini wawaandalie wenzao wanaoandamana kutoka mjini sifongo, mabeseni, maji, mashada ya kuvaa kichwani na chakula cha asubuhi. Maandamano hayo yalikuwa ya kilomita kama 8. Hakuna hotuba ya mwanafalsafa inayotusogeza karibu na waumini hawa kuliko agizo hilo la maji na mabeseni.

Sheria za chama zilizohifadhika kwa ukamilifu zaidi ni za Iobakchoi, chama cha Dionysos, mungu wa divai, mjini Athens. Wachimbaji wa Kijerumani walifukua jiwe lenye sheria hizo mwaka 1894, magharibi ya Akropolis. Liliandikwa karne ya 2 BK, wakati kuhani mkongwe Nikomachos alipomwachia cheo tajiri Herodes Atticus.

Kiingilio kilikuwa dinari 50, na mtoto wa mwanachama alilipa nusu. Walikutana tarehe 9 ya kila mwezi, wakanywa divai ya michango yao. Kwa kuwa divai huleta ugomvi, aliyempiga mwenzake alitozwa faini isiyozidi dinari 25. Aliyepigwa naye, akikimbilia mahakama za mji badala ya kumshtakia kuhani, aliadhibiwa vivyo hivyo. Ni sheria kali, tena ya busara: chama kilichokula pamoja kilitaka kipatane chenyewe kwa chenyewe.

Mwanachama alipofariki, chama kilinunua shada lisilozidi dinari 5, kikatoa mtungi mmoja wa divai kwa waliokwenda kuzika. Asiyekwenda hakunywa.