Muziki wa Wagogo katika Santuri, 1950 hadi 2024

Nchi ya Wagogo iko katikati ya Tanzania, pande za Dodoma, nayo ni nchi ya ukame, ng'ombe na mtama. Wasafiri wa karne ya 19 waliijua kwa uhaba wa maji na kwa hongo iliyotozwa misafara. Tangu katikati ya karne ya 20 imejulikana ulimwenguni kwa jambo jingine, yaani muziki. Historia ya kunaswa kwa muziki huo katika santuri yastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha, si wa muziki peke yao, kwa kuwa ndani yake mna habari za Kigogo na Kiswahili, na za nani mwenye haki ya kutunga na kuimba.

Ala zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni ilimba, jamaa ya marimba za mkononi: vyuma vyembamba hupangwa juu ya sanduku la mti na kubonyezwa kwa vidole vya gumba. Ilimba kubwa huwa na vyuma vingi kupita mahitaji ya vidole. Baadhi yao havibonyezwi kamwe, bali huitika vyenyewe wenzao walipo karibu wanapolia. Juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, ili sauti ivume. Ala ya pili ni zeze, lenye kibuyu na nyuzi zinazosuguliwa kwa uta. Ya tatu ni ngoma iitwayo muheme, nayo hupigwa na wanawake.

Tofauti kubwa iko katika mpango wa sauti. Uzi mmoja ukilia, pamoja na sauti yake ya chini huzaliwa nyingine za juu, moja baada ya moja, kwa kanuni ya maumbile. Wachunguzi, miongoni mwao Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba Wagogo huchagua sauti zao za kuimbia katika ngazi hiyo hiyo, kuanzia ya nne mpaka ya tisa au ya kumi. Sauti ya saba katika ngazi hiyo huwa chini ya ile inayokaribiana nayo katika piano, kwa kadiri ya theluthi moja ya nusu-sauti. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini sikio huitambua. Na mtu akitaka kuunganisha ilimba na ala za Ulaya hana budi kuamua ni upande upi utakaomfuata mwenziwe.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alisafiri Tanganyika na mitambo yake, akanasa nyimbo za makabila mengi, Wagogo wakiwamo. Mwaka 1954 aliianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na kazi zake zimehifadhiwa humo. Katika hatua hiyo ya kwanza mnasaji alikuwa mgeni, na mwimbaji alikuwa mfano wa kabila lake.

Hatua ya pili ni ya Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma. Rais Julius Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu katika chuo cha sanaa kilichofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981. Basi mchunga ng'ombe wa bara akawa mkazi wa pwani, na muziki wa ukoo ukawa sanaa ya taifa. Majina ya santuri zake yaeleza safari hiyo. Ile ya mwaka 1985 iliitwa "Tanzania Yetu", na ya mwaka 1987 "Mateso". Yote mawili ni Kiswahili. Ya mwaka 1996, aliyoifanya pamoja na Charles Zawose, iliitwa "Chibite", nalo ni neno la Kigogo lenye maana ya "twende". Mwenye kujua sarufi ataona mara moja kiambishi chi- kikishika mahali pa tu- ya Kiswahili, na kitenzi kilicho ndugu wa "pita". Alipokwisha kusikika katika nchi za mbali, Zawose aliirudia lugha ya mama yake hata katika jina la kazi yake.

Kisha akaifanya "Assembly" pamoja na Michael Brook wa Kanada, mpigaji gitaa mwenye kutumia mitambo ya umeme. Hukwe Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Wageni waliendelea kuja. Mwaka 2009 Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alitoa santuri ya safari yake ya Afrika, ambayo Anania Ngoliga alishiriki kwa ilimba yake. Jina lake la Kiingereza ni tafsiri ya neno Bagamoyo kwa kuligawa "bwaga moyo", kwa maana ya huzuni ya mtumwa anayeiacha nchi yake. Wako wanaolifasiri kwa maana ya mpagazi aliyefika pwani akautua mzigo na kuuburudisha moyo. Kwa sarufi njia zote mbili zapita. Santuri imeeneza moja tu.

Hatua ya tatu ni ya warithi. Mwaka 2017 Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, alitoa "Uhamiaji", ambamo ilimba na zeze zachanganywa na mitambo ya kisasa. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe, walitoa "Maisha", iliyonaswa Bagamoyo. Hapo pana badiliko kubwa kuliko mitambo. Katika ukoo huo wanawake walikuwa wakiimba na kucheza nyuma ya waume. Sasa wao ndio wanaotangulia, wanaotunga, na wanaoshika ilimba na zeze.

Wengine hudhani kwamba kuongeza gitaa au mashine ni kuuharibu muziki wa asili. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Iwapo sauti ya saba yasikika mahali pake, waimbaji waachana na kukutana kwa desturi yao, na maneno yabaki kuwa yao, basi mashine imekuwa mgeni tu nyumbani mwa mwenyeji. Lakini ilimba ikipangwa upya ili ilandane na piano, hata bila mtambo wowote, mwenyeji ameihama nyumba yake.

Limebaki jambo la maneno. Santuri huhifadhi sauti, wala haimfundishi msikilizaji maana. Polo Vallejo wa Hispania amefanya uchunguzi wa miaka mingi kijijini Nzali, akauandika muziki wenyewe kwa makini. Kazi ya namna hiyo yahitajika kwa matini ya nyimbo: yaandikwe kwa Kigogo sahihi, yafasiriwe kwa Kiswahili, na jina la mtungaji litajwe, akiwa mume au mke. Kazi hiyo ni bora ifanywe wakati watungaji wangali hai na waweza kuulizwa.