Leseni Ndiyo Iliyoamua

Anayechagua mfumo wa kuendeshea tovuti huuliza kwanza kama unapendeza na kama ni rahisi kuutumia. Historia ya mifumo hii inaonyesha kwamba swali zito ni jingine: mwenye mfumo akiutelekeza au akibadili masharti, nani ana haki ya kuuendeleza? Mwaka 2001 zilitoka programu mbili za kuchapishia mtandaoni. Movable Type, ya Ben na Mena Trott wa kampuni ya Six Apart, ilisifiwa mno. b2, kazi ya Mfaransa Michel Valdrighi, haikuwa na kampuni ya kuitegemeza, na mwenyewe alipoacha kuishughulikia ilielekea kufa. Hata hivyo ilikuwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuuchukua msimbo, kuubadili na kuusambaza. Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza wakauchukua, na Mei 2003 wakatoa WordPress. Mwaka uliofuata Six Apart ikaweka masharti mapya ya malipo na kubana toleo la bure. Wengi wakahama, wakaikuta WordPress iko tayari kuwapokea. Kampuni ilipofungua msimbo wake mwishoni mwa 2007, ilikuwa imechelewa.

Atatokea wa kusema kwamba WordPress ilishinda kwa sababu haikusumbua kusakinishwa. Wepesi huo ulisaidia, lakini bila leseni ya b2 pasingekuwa na WordPress ya kusifiwa wepesi. Mwingine atataja Mambo, mfumo wa kampuni ya Miro ya Australia, uliokuwa na GPL na bado ukafifia. Kilichofifia ni jina tu. Mwaka 2005 watengenezaji wake walipotofautiana na Miro kuhusu uongozi wa mradi, waliondoka na msimbo wakaanzisha Joomla, na kazi ikaendelea.

Pingamizi lenye nguvu zaidi lilikuja Septemba 2024, Mullenweg alipogombana na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, na kuifungia njia ya kupata masasisho kutoka WordPress.org. Msimbo ulikuwa huria vilevile, ila mlango wa kuusambaza ulishikwa na mtu mmoja. Tukio hilo haliitengui hoja. Linaonyesha mpaka wake. Leseni hulinda msimbo, hailindi seva inayougawa. Kwa hiyo mteuzi makini, akisharidhika na leseni, aulize pia masasisho yanatoka kwa nani, na kama maandishi yake yanaweza kuhamishwa yote siku atakapotaka kuondoka.