Stima Iliyotupita Juu
Mimi ni wa Misikhu, na swali langu ni la historia: mbona stima ilitupita juu miaka mingi hivyo? Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa 1954. Kufikia 1958 umeme wake ulikuwa unaenda Nairobi kupitia Bungoma, kilovolti 132. Turkwel ikaja 1991 na laini ya 220.

Kuunganisha laini kama hizo, ototransfoma inafaa: koili moja, pande mbili zinaishiriki. Asilimia 60 ya nguvu hupita moja kwa moja kwenye waya, 40 kwa sumaku. Shaba inapungua, gharama pia.

Lakini kutoka volti 11,000 hadi 240 za nyumbani, akiba inaisha na hatari inabaki, maana pande hazijatenganishwa. Kijiji kinahitaji transfoma ya koili mbili. Wengine walilipiwa kwanza. Sisi tukabaki na koroboi.