KINGA, MWITIKIO NA VIJALIZO: Historia Fupi ya Chanjo ya Homa ya Mafua kwa Wazee

Wafasiri wa maandishi ya afya hukutana mara kwa mara na sentensi isemayo kwamba vidonge fulani vya vitamini au madini "huongeza kinga" ya wazee wanaochanjwa dhidi ya homa ya mafua. Sentensi hiyo ni nyepesi kufasiri, na hapo ndipo penye hatari. Neno kinga limebebeshwa humo mizigo mitatu: wingi wa kingamwili zipatikanazo katika damu baada ya chanjo, uwezo wa mtu kutougua, na kuzibwa kwa upungufu wa lishe aliokuwa nao kabla. Watafiti wa Ulaya na Marekani waliyatenga mambo hayo kwa taabu na kwa miaka mingi. Mfasiri akiyachanganya tena, mzee atanunua vidonge akaacha kuchanjwa, na mara nyingi fedha ya vidonge ni fedha ya chakula.

Tuanze na chanjo yenyewe. Kitenzi kuchanja kilikuwa na kazi zake kabla ya kuja kwa sindano: watu walichanja kuni, na mganga alichanja ngozi akapaka dawa. Chanjo ya ndui, iliyotiwa kwa kukwaruza ngozi, ilikikuta kitenzi kipo tayari. Leo chanjo nyingine hudondoshwa mdomoni, wala hakuna anayeona ajabu mtoto kuchanjwa pasipo chale.

Homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918 iliua watu makumi ya mamilioni, na waganga hawakujua kiini chake. Mwaka 1933, mjini London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walivipata virusi vyake kwa kuwaambukiza wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, Thomas Francis na Jonas Salk wa Chuo Kikuu cha Michigan walitengeneza chanjo kwa kukuza virusi katika mayai ya kuku na kuviua kwa dawa. Chanjo hiyo ilijaribiwa kwa askari, na mwaka 1945 ikaruhusiwa kwa raia. Miaka miwili baadaye ilishindwa kazi kwa kuwa virusi vilikuwa vimebadilika, na tangu hapo imebidi chanjo ifuatane na mabadiliko hayo. Baada ya mlipuko wa mwaka 1957, Marekani ilianza mwaka 1960 kuwashauri watu wa miaka 65 na zaidi wachanjwe kila mwaka.

Shida ni kwamba wazee, ambao ndio wauawao zaidi na homa hiyo, ndio ambao miili yao huitika chanjo kwa udhaifu. Tumetumia kitenzi kuitika kwa makusudi. Chanjo ni wito, na mwili ukiitika hutoa kingamwili. Huo ndio mwitikio wa chanjo. Uzeeni wito husikika kwa mbali: tezi ya thaimasi, inayolea baadhi ya chembe za ulinzi, huanza kunywea tangu ujana, na hata chembe zilizobaki huwa nzito kujifunza adui mpya.

Mwitikio hupimwa kwa kuzimua majimaji ya damu hatua kwa hatua, ili kuona yatafikia wapi kabla ya kushindwa kuvizuia virusi visigandishe chembe nyekundu. Mwaka 1972 watafiti wa Uingereza walionyesha, kwa watu wazima waliojitolea kuambukizwa, kwamba anayefikia kadiri ya 1 kwa 40 ana nafuu ya kama nusu. Kipimo hicho kilishika mahali pote. Lakini kilitokana na watu wenye afya zao, na kumpimia nacho bibi wa miaka 85 ni kuazima kanzu ya mtu mwingine.

Wazo la kuusaidia mwitikio huo kwa lishe lilikuwa la busara. Mwili hauwezi kujenga kingamwili pasipo protini, zinki na mengineyo, na wazee wengi hula kidogo. Jaribio lililotajwa zaidi ni la Ufaransa, lililochapishwa mwaka 1999. Wazee 725 katika vituo 25 vya matunzo walipewa kwa miaka miwili ama zinki na seleniamu, ama vitamini, ama vyote pamoja, ama vidonge visivyo na kitu. Waliopewa madini hayo, peke yake au pamoja na vitamini, walikuwa na kingamwili nyingi zaidi baada ya chanjo ya homa ya mafua. Waliopewa vitamini peke yake walikuwa na chache zaidi. Matangazo ya vidonge hayakosi nusu ya kwanza ya habari hiyo. Nusu ya pili hatujaikuta katika tangazo hata moja. Nchini Italia, mwaka 1998, zinki haikuonyesha faida yoyote kwa mwitikio wa chanjo.

Vitamini E yatupa funzo la istilahi lililo bora zaidi. Mwaka 1997, mjini Boston, iliboresha mwitikio wa wazee kwa chanjo za homa ya ini aina ya B na pepopunda. Homa ya mafua haikuwamo. Mwaka 2004 matokeo ya jaribio la wazee 617 katika nyumba za matunzo yalionyesha kwamba haikupunguza maambukizo ya mapafu, ila waliopatwa na mafua ya kawaida walikuwa wachache zaidi. Mfasiri anayeandika "mafua" kwa maradhi yote mawili atamwambia msomaji wake kwamba vitamini E huzuia homa ya mafua, jambo ambalo watafiti hawakulisema.

Kuna pia habari iliyobatilishwa. Mwaka 1992 gazeti la tiba la Lancet lilichapisha makala ya Ranjit Chandra wa Kanada kuhusu wazee 96, ikidaiwa kwamba waliopewa vitamini na madini waliugua maambukizo siku 23 kwa mwaka, na wenzao siku 48. Mwaka 2005 gazeti la Nutrition liliondoa makala yake mengine ya mwaka 2001, na mwaka 2016 Lancet nalo likaliondoa hilo la 1992. Kwa miaka 24 dai hilo lilinukuliwa na kufasiriwa. Baadhi ya wafasiri hupenda kusema kwamba makala kama hayo "yametanguliwa", kutokana na kutangua. Hatuliungi mkono neno hilo, kwa sababu umbo lake ni lilelile la kutangulia, na msomaji atauliza yametanguliwa na nini. Yabatilishwe tu.

Msaada wa hakika zaidi ulitoka katika chanjo yenyewe. Mwaka 2009 Marekani iliruhusu kwa wazee chanjo yenye mikrogramu 60 za kila aina ya virusi, badala ya 15. Jaribio la watu karibu 32,000, lililochapishwa mwaka 2014, lilionyesha wagonjwa wa homa ya mafua pungufu kwa asilimia 24 kuliko kwa chanjo ya kawaida. Hapo walihesabiwa wagonjwa, na ndipo twaweza kutaja ufanisi wa chanjo.

Basi twapendekeza mwitikio wa chanjo kwa kile kipimwacho katika damu, na ufanisi wa chanjo kwa kupungua kwa ugonjwa. Homa ya mafua, jina lililozoeleka zaidi wakati wa hofu ya mafua ya ndege mwaka 2006, litengwe na mafua ya kawaida. Kuhusu vidonge, virutubisho hatulikatai kwa viini vya chakula, lakini lina rutuba ya shamba ndani yake, na humfanya msomaji adhani kuwa kuzidisha ni kustawi. Vidonge viitwe vijalizo vya lishe. Walimu wa sarufi wanalifahamu neno kijalizo: huja kukamilisha palipopungua, na pasipopungua hakina kazi. Wasomaji wenye majina mengine ya homa ya mafua yatumikayo sehemu zao twawaomba watuandikie, wakitaja na mahali yasemwapo.